Tengeneza ubao wa milima ya Tanzania kwa maboksi na chelewa: mwongozo kwa walimu wa visiwani

Kila Januari skuli zikifunguliwa, simu yangu haipumui. "Mwalimu, ule ubao wenu wa milima mliufanyaje?" "Gundi gani?" "Mbona wetu umeota ukungu?" Nimeshajibu kwa ujumbe, nimeshajibu kwa sauti, na mara moja nimejibu ndani ya boti ya Mkoani bahari imechafuka na anayeniuliza anatapika. Sasa naandika mara moja, tupelekeane.

Kwa mtoto wa Pemba, mlima ni neno la mtihani. Vilima vyetu vyote, Unguja na Pemba, havifiki mita 150. Mtoto anakariri kuwa Kilimanjaro ni mita 5,895, lakini ukimwambia akuoneshe ukubwa wake ananyanyua mkono kuelekea mnazi wa jirani. Ubao huu, yaani ramani ya Tanzania yenye milima iliyoinuka ya kugusika, ndio dawa yake. Unachukua wiki tatu hivi za kazi za mchana baada ya masomo, na gharama yake kubwa ni plaiwudi na gundi tu.

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

- Nusu shiti ya plaiwudi, yaani futi nne kwa nne (sentimita 122 kila upande). Unene milimita 9 au 12. Usinunue ya milimita 6 kwa kuwa ni rahisi. Sisi ya kwanza ilipinda kama ngalawa, tukaitupa na milima yake.
- Maboksi makavu, yasiyo na mafuta wala maji ya samaki. Ya televisheni na friji ndiyo bora kwa sababu ni mapana.
- Gundi nyeupe ya mbao.
- Magazeti ya zamani, unga wa ngano, chumvi, na unga wa mbao kutoka kwa seremala.
- Mafuta ya karafuu, kichupa kidogo. Hili nitalieleza.
- Fagio la chelewa.
- Kisu cha wembe, rula ya chuma, penseli, rangi ya maji ya ukutani (nyeupe, bluu, kijani, manjano, kahawia).
- Atlasi moja ya skuli, na ramani moja ya kontua ya Tanzania (yenye mistari inayounganisha sehemu za urefu sawa) iliyochapwa kutoka mtandaoni. Atlasi nyingi zinaruka kutoka mita 1,000 hadi 2,000, na wewe utahitaji mstari wa 1,500 pia.

Neno moja kuhusu takwimu. Vitabu vinatofautiana kwa mita chache: Meru utaiona 4,562 kwingine na 4,566 kwingine, Hanang 3,417 au 3,420. Kwenye ubao wetu mita nne ni wembamba wa unywele. Chagua kitabu kimoja ukifuate, na watoto wasisumbuliwe na mabishano hayo.

Na msimu: usianze masika. Machi mpaka Mei Pemba hakikauki kitu. Fanya wakati wa kaskazi, Januari na Februari, au wakati wa kipupwe kuanzia Juni.

Hatua kwa hatua

1. Paka rangi nyuma ya plaiwudi, kisha piga miraba mbele. Nyuma kwanza, kwa sababu upande usiopakwa unanyonya unyevu na ubao unajikunja. Pigilia pia fito mbili za mbao nyuma. Mbele, chora miraba ya sentimita 10 kwa 10, kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kila mraba ni digrii moja: kutoka ikweta hadi latitudo 12 Kusini, na kutoka longitudo 29 hadi 41 Mashariki. Tanzania yote inaingia humo, na inabaki sentimita moja ya pambizo kila upande. Digrii moja kwetu huku ni kama kilomita 111, kwa hiyo sentimita moja ya ubao ni kama kilomita 11.

Hamisha mipaka na pwani kutoka kwenye atlasi, mraba kwa mraba. Mpe kila mtoto miraba yake. Usikubali mmoja anayejua kuchora afanye yote, wenzake watakaa kumtazama.

2. Pima unene wa maboksi. Panga vipande kumi, bana kwa mkono, pima. Ukipata sentimita 4, kila kipande ni milimita 4, na hesabu za mwongozo huu zitakufaa kama zilivyo. Kila kipande kitasimama badala ya mita 500. Yaani milimita 8 kwa kila kilomita kwenda juu.

Hapa ndipo swali kubwa linapokuja: mbona kwenda juu tumevuta zaidi? Kweli, tumekuza urefu karibu mara tisa kuliko upana. Waoneshe watoto sababu yake: tungetumia kipimo kimoja, Kilimanjaro, mlima mrefu kuliko yote Afrika, ungekuwa na milimita 5 na kidogo. Mende aliyelala angeufunika. Waambie ukweli huu mapema na uuandike pembeni mwa ubao, wasije wakaamini kuwa mlima umesimama kama mkuki.

3. Weka sakafu ya vipande viwili. Funika ubao wote kwa maboksi, tabaka mbili. Uso wa tabaka la pili ndio usawa wa bahari. Walimu wengi hawaelewi kwa nini sakafu iwe nene hivyo. Ni kwa sababu utachimba.

Chimba mkondo wa Pemba. Kati yetu na Tanga bahari inafika kina cha mita 800 hivi, kwa hiyo kata tabaka zote mbili. Kata pia upande wa mashariki. Pemba itabaki imesimama peke yake, kidole cha sentimita 6 kwa 2, na kuta kila upande. Kati ya Unguja na bara usikate kitu: kina hakifiki hata mita 50 sehemu kubwa ya mkondo, na kwenye ubao hiyo ni chini ya nusu milimita. Zama za barafu, bahari iliposhuka, Unguja iliunganika na bara. Pemba haikuunganika. Wanangu wa darasa la sita walikaa kimya siku hiyo, halafu mmoja akasema, "Kumbe sisi tuko juu ya mlima, ila umezama." Sikumsahihisha.

Chimba na Ziwa Tanganyika, tabaka zote mbili. Uso wake uko mita 773 juu ya bahari, lakini kina chake kinafika karibu mita 1,470, kwa hiyo sakafu yake iko chini ya usawa wa bahari kwa mita 700 hivi. Ziwa Nyasa nalo linavuka chini ya bahari, kidogo: kata tabaka moja. Ziwa Victoria usilichimbe. Lina kina cha mita 80 tu hivi na limekaa mita 1,134 juu, litapakwa bluu juu ya kipande cha pili cha nchi kavu. Victoria ni sinia, Tanganyika ni kisima.

4. Kata na ubandike vipande vya nchi. Kipande cha kwanza kinafuata mstari wa mita 500, cha pili 1,000, cha tatu 1,500, na kuendelea. Bandika kimoja kimoja, weka uzito juu (mawe, madaftari), subiri usiku mzima.

Vipande viwili vya kwanza vinaonekana havina mvuto, lakini ndivyo vinavyobeba nchi. Sehemu kubwa ya Tanzania ni uwanda wa juu. Dodoma iko mita 1,100 hivi, Tabora 1,200. Mtu wa Tabora aliyelala kitandani kwake yuko juu zaidi ya mara nane kuliko kilima chetu chochote.

*Tahadhari:* usikate kipande kwa kukisia "hapa pana milima". Fuata mstari wa kontua. Mwaka wa kwanza niliwaachia watoto wakadirie, wakanijengea kilima cha nyuma ya skuli kirefu kuliko Rungwe, kwa sababu hicho wamewahi kukipanda na kimewachosha.

5. Simamisha vilele kwa chelewa. Kuanzia kipande cha saba au cha nane, maboksi yanakuwa madogo kama vifungo vya shati, hayakatiki. Achana nayo. Chukua njiti ya chelewa, ichome kwenye nafasi ya kilele, ikate kwa urefu kamili unaopimwa kutoka usawa wa bahari, si kutoka kwenye kipande kilichopo chini yake. Hili ndilo kosa namba moja. Ukipima kutoka juu ya kipande, Hanang inapita Meru.

Urefu wa njiti ni huu:

- Kilimanjaro, Kibo (5,895): milimita 47
- Kilimanjaro, Mawenzi (5,149): milimita 41
- Meru (4,566): milimita 37
- Loolmalasin (3,648): milimita 29
- Hanang (3,417): milimita 27
- Ol Doinyo Lengai, Rungwe na Mtorwi (zote karibu 2,960): milimita 24
- Uluguru (zaidi ya 2,600) na Udzungwa (karibu 2,580): milimita 21
- Shengena, Upare (2,462): milimita 20

Kilimanjaro usiuchongee ncha moja kama penseli. Una vilele vitatu. Shira uko magharibi, umekwisha kulika, chini kidogo ya mita 4,000. Kibo uko katikati, na Mawenzi uko mashariki, umechongoka na kupasukapasuka. Kati ya Kibo na Mawenzi kuna kilomita 11, kwenye ubao sentimita moja. Mpaka kipande cha nane vilele hivyo viwili vinakaa pamoja, juu ya hapo vinaachana. Msingi wa mlima mzima ni kama mdomo wa kikombe cha chai. Juu ya Kibo ndipo Kilele cha Uhuru, ulipopandishwa mwenge wakati wa Uhuru wa Tanganyika, Desemba 1961.

Meru ukate upande wa mashariki. Uliporomoka huko zamani, ukaacha umbo la kiatu cha farasi.

6. Panga safu, si vilele tu. Vilele peke yake vinaufanya ubao uonekane kama mbuzi wametawanyika. Anza na Tao la Mashariki, kwa sababu ndilo linaloonekana kama mstari: Upare kaskazini na kusini, Usambara magharibi na mashariki, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho, Udzungwa, Mahenge. Linaanzia Taita, Kenya, na kupinda kama upinde mpaka nyuma ya Bonde la Kilombero. Milima hii haikutokana na volkano. Ni miamba mikongwe sana iliyonyanyuliwa, na kuta zake ni kali: usizilaze kwa udongo mpaka ziwe kama mto wa kulalia.

Usambara uwe mwangalifu nayo zaidi, maana ndiyo jirani yetu. Kwenye ubao iko sentimita 10 tu kutoka pwani ya magharibi ya Pemba. Asubuhi anga ikitakata baada ya mvua, kule upande wa Wete utaiona kama wingu la bluu lisilohama. Watoto wengi wameiona na hawajui wameona nini.

Baada ya hapo nenda kaskazini, kwenye milima ya volkano: Kilimanjaro, Meru, nyanda za juu za Ngorongoro zenye Loolmalasin, na Ol Doinyo Lengai ambao bado uko hai na unatoa lava ya aina yake, nyepesi kama maji ya matope, inayogeuka nyeupe baada ya kupoa na kukutana na unyevu. Kreta ya Ngorongoro ina upana wa kilomita 19 hivi. Ibonyeze kwa kidole gumba, inatosha kabisa. Hanang simamisha peke yake. Chini yake ndipo Katesh, palipoporomokewa na matope Desemba 2023, na watoto wakubwa wanakumbuka habari hiyo.

Kusini-magharibi: Rungwe, safu ya Kipengere yenye Mtorwi, uwanda wa Kitulo, na milima ya Livingstone inayoshuka wima mpaka Ziwa Nyasa. Mashariki mwa Ziwa Tanganyika weka Mahale. Ufipa ni uwanda, usiupe ncha.

7. Tengeneza udongo wa karatasi. Chana magazeti, loweka usiku kucha, twanga kwenye kinu mpaka yawe rojo, kamua. Kinu kiwe kibovu. Mimi nilitumia cha nyumbani, na wino wa gazeti bado natajiwa nikila kisamvu. Pika gundi ya unga: kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vikombe vinne vya maji, koroga motoni mpaka iwe kama uji mzito, ongeza kijiko cha chumvi. Ikipoa changanya na rojo la karatasi na konzi mbili za unga wa mbao, mpaka ushikamane ukifinyangwa.

Sasa mafuta ya karafuu. Matone kumi hivi kwa sufuria moja. Yanazuia ukungu, na kwa hewa yetu hii hakuna udongo wa unga utakaodumu bila kinga. Tia wewe mwenyewe, si mtoto: mafuta hayo yakiwa mabichi yanaunguza ngozi na macho.

8. Jaza ngazi. Paka udongo mwembamba, milimita 2 au 3, ukilainisha kingo za maboksi ziwe miteremko. Ukauke, kisha tabaka la pili kama linahitajika. Anika kivulini penye upepo, barazani. Usianike juani. Jua linakausha uso kabla ya ndani, halafu Udzungwa inapasuka katikati.

Njiti za chelewa zifunikwe mpaka ncha tu ionekane. Ncha hiyo ndiyo kipimo chako, ukiipita umeongeza mlima.

9. Paka rangi kwa urefu. Nyeupe kwanza ubao mzima, kisha kijani mpaka mita 500, kijani cha manjano mpaka 1,000, manjano mpaka 2,000, kahawia juu ya hapo. Waambie waziwazi kuwa kijani hapa si msitu, ni nchi ya chini tu. La sivyo watakuambia Usambara ni jangwa.

Barafu ya Kibo iwe alama ndogo kwa ncha ya brashi. Nimeona mbao ambazo Kilimanjaro imemwagiwa nyeupe mpaka kiunoni. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ile imekwisha.

Majina andika kwenye vibendera vya karatasi juu ya chelewa fupi. Usiandike juu ya milima yenyewe.

Maswali yanayojirudia na matatizo yake

*Vipande vinabanduka pembeni.* Boksi lilikuwa na unyevu au hukuweka uzito. Tia gundi kwa sindano ya hospitali isiyo na ncha, bana kwa vibanio vya nguo usiku mmoja.

*Ukungu umeota.* Futa kwa kitambaa chenye siki, anika kivulini siku mbili, paka rangi upya. Ukirudi tena, udongo wa ndani haukukauka. Toboa matundu madogo nyuma ya ubao upate kupumua.

*Mende na panya wanakula milima.* Unga unawavuta. Chumvi na karafuu vinasaidia, lakini kinga hasa ni tabaka mbili za rangi bila mwanya. Usiweke ubao stoo karibu na chakula cha skuli.

*Bonde la Ufa halionekani.* Umelijaza udongo. Chukua mpini wa kijiko, chimba upya kabla haujakauka kabisa, na kuta zake ziache wima, hasa hapo Manyara.

*Kenya na Msumbiji tuzifanye nini?* Endeleza vipande sentimita chache kupita mpaka, kisha paka kijivu. Ukikatisha kwenye mstari, Kilimanjaro itaonekana imekatwa kwa panga upande wa kaskazini.

*Mtoto ameuliza kama ukiwa Kilele cha Uhuru unaiona Pemba.* Mpe uzi apime: zaidi ya sentimita 27 za ubao, yaani zaidi ya kilomita 300. Kwa urefu ule, upeo wa macho unafika kama kilomita 275. Haionekani, hata siku ya anga safi.

*Pemba imevunjika.* Hii hutokea kila mwaka, kwa sababu kila mtoto akiuona ubao huanza kwa kuigusa Pemba. Ipigie msumari mdogo kutoka nyuma ya plaiwudi kabla hujaipaka udongo, na kata Pemba nyingine mbili za akiba, uzitie kwenye bahasha na kuibandika nyuma ya ubao.